Kosa la Chapa: Kutoka Herufi za Risasi Hadi Kompyuta

Wahenga walinena kwamba kosa moja haliachi mke. Yamkini ni kweli katika ndoa. Katika kazi ya chapa si kweli hata kidogo. Kosa likiingia katika ukurasa mmoja, na nakala zikatolewa elfu moja, huwa makosa elfu moja, na kila moja hushika njia yake kumwendea msomaji asiyejua kwamba ni kosa.

Jambo hili nililifahamu vyema siku liliponifedhehesha. Mimi na walimu wenzangu wawili tuliandaa kijitabu cha mazoezi kwa ajili ya shule zetu hapa Uganda, tukakipeleka kwa mpiga chapa mjini, tukalipa, tukagawa. Hatukuomba prufu, kwa kuwa muda ulikuwa mfupi na kazi tuliiandika wenyewe katika kompyuta. Wiki ya pili mwanafunzi mmoja alileta insha yake. Mwisho wa mstari alikuwa ameandika "mwan", akaweka kistari, na mwanzoni mwa mstari uliofuata akaandika "afunzi". Nilipomwuliza amefundishwa na nani kulikata neno namna ile, alifungua kijitabu chetu, akaonyesha kwa kidole, akasema kwa adabu: "Ni hapa, Mwalimu." Katika ukurasa uleule palikuwa na neno "ng?oa". Sikuwa na la kujibu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza makosa ya namna hii hutoka wapi. Nimeona kwamba yana historia, na kwamba historia hiyo yatufaa sisi walimu kuliko tunavyodhani.

Zama za herufi za risasi

Chapa na Kiswahili si wageni katika nchi hii. Alexander Mackay, mhandisi Mskoti aliyetumwa na misheni ya C.M.S., aliwasili Buganda mwaka 1878. Alikuwa na mashine ndogo ya chapa, na kwa ajili ya karatasi za kufundishia kusoma alichonga herufi kubwa kwa mkono wake mwenyewe. Masomo ya mwanzo yalikuwa kwa Kiswahili, lugha iliyokwisha kufika katika baraza la Kabaka pamoja na wafanyabiashara wa pwani, kabla Luganda haijashika nafasi yake katika maandishi. Huko Zanzibar, Edward Steere, aliyefika mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer na baadaye akawa askofu yeye mwenyewe, aliweka mtambo wa chapa na kuwafundisha kazi hiyo vijana waliokombolewa utumwani. Kiungani ndiko lilikotoka gazeti la Msimulizi, lililoanza mwaka 1888.

Yafaa tukumbuke kazi yenyewe ilivyokuwa. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha risasi. Mpanga herufi alisimama mbele ya sanduku lenye vyumba vingi, akachukua kipande kimoja kimoja na kukipanga mstarini. Vipande hivyo vilikuwa na sura iliyogeuka kama katika kioo, kwa hiyo alijifunza kusoma kinyume. Herufi ya n ikipinduliwa huonekana kama u, na u ikipinduliwa huonekana kama n. Basi katika Kiswahili kipande kimoja kilichokaa kichwa chini chatosha kuligeuza neno "kuua" likawa "kuna". Sentensi iliyokusudia kifo yatangaza uwepo, wala hakuna mashine itakayolalamika, kwa maana maneno yote mawili ni Kiswahili sahihi.

Shida nyingine ilitokana na ugeni wa zana. Seti za herufi zilizotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza zilikuwa na e nyingi kuliko herufi zote, kwa kuwa Kiingereza chaihitaji hiyo zaidi. Kiswahili chahitaji a kuliko zote, tena chapenda k na w. Mpanga herufi wa Kiswahili mwenye seti kama hiyo huishiwa na a ilhali e zimejaa. Dawa yake ilikuwa moja: kupiga chapa kurasa chache, kuzibomoa, kuzirudisha herufi sandukuni, ndipo kupanga kurasa nyingine.

Taabu hiyo, hata hivyo, ilileta faida moja. Herufi haikuweza kufika kwenye karatasi bila kupita katika vidole vya mtu aliyeisoma. Na aliyejua lugha alikuwa msomaji wa kwanza wa kitabu na msahihishaji wake wa kwanza.

Mwaka 1930 ilipoundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, wapiga chapa walipata msaada mkubwa, kwani tahajia ilianza kuwa moja kwa vitabu vya shule.

Mashine ya mistari na stensili

Mwaka 1886 mashine iliyobuniwa na Ottmar Mergenthaler, iitwayo Linotype, ilianza kazi katika gazeti moja la New York. Mtu alibonyeza vitufe, na mashine ikamimina risasi ya moto na kutoa mstari mzima kwa kipande kimoja. Kasi iliongezeka mno, lakini kosa likapata maficho mapya. Ili kusahihisha herufi moja ilibidi mstari mzima upigwe upya, na katika kuupiga upya kosa jipya lingeweza kuzaliwa mahali palipokuwa safi. Hapo ndipo wasomaji wa prufu walipojifunza kanuni isiyochakaa: usisome neno lililosahihishwa tu, soma mstari wake wote.

Sisi walimu tulikuwa na kiwanda chetu cha kimaskini, yaani taipureta, stensili na mashine ya kurudufu. Waliopata kuandaa mitihani kwa njia hiyo wanakumbuka jinsi herufi o, ikipigwa kwa nguvu, ilivyotoboa stensili na kitobo chake kikadondoka, hata kwenye karatasi likaja doa jeusi badala ya duara. Tulijifunza kupiga o kwa kidole chepesi. Kosa la neno lilipakwa dawa, likasubiriwa likauke, ndipo likapigwa tena. Asiyekuwa na subira ya kungoja dawa ikauke alipata shimo. Lakini hapa pia aliyepiga taipu alikuwa mwalimu, naye alijua alichokuwa akiandika.

Kompyuta mezani

Mwaka 1985 mambo matatu yalikutana: kompyuta ya Macintosh iliyotokea mwaka uliotangulia, printa ya leza ya kampuni ya Apple iliyochapa nukta 300 kwa inchi, na programu ya PageMaker ya kampuni ya Aldus. Mtu mmoja aliyeketi mezani aliweza sasa kuandika, kupanga kurasa, kuweka picha na kutoa nakala safi. Ilikuwa neema kubwa kwa lugha zisizo na fedha nyingi, na hapana shaka Kiswahili kilinufaika nayo. Lakini mpanga herufi aliondoka, na macho yake yakaondoka naye. Kazi yake ya kusoma haikupewa mtu mwingine yeyote.

Tazama sasa yale makosa mawili ya kijitabu chetu. La kwanza, "mwan-afunzi". Programu ilikuwa imewekwa katika Kiingereza, ikakata maneno yetu kwa mazoea ya Kiingereza. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na konsonanti zinazoambatana hazitenganishwi: mwa-na-fu-nzi, ki-ta-nda, ng'o-mbe. Kila mwalimu wa darasa la kwanza ajua hayo. Kompyuta haiyajui mpaka iambiwe. Dawa ni kuchagua Kiswahili katika orodha ya lugha za programu ikiwa kimo, na kama hakimo, kuzima ukataji wa maneno kabisa. Lakini ukiuzima katika safu nyembamba iliyonyooshwa pande zote mbili, vitenzi vyetu virefu kama "watakaowafundisha" vitaacha mapengo mapana kati ya maneno. Hapo ni heri kuiacha safu inyooke upande wa kushoto peke yake.

La pili, "ng?oa". Alama ya ritifaa, yaani ile koma ya juu, programu nyingi huigeuza kuwa koma iliyopinda, na faili linapohama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine iliyopangwa vingine, alama hiyo hugeuka kiulizo au kisanduku kitupu, au hutoweka kabisa. Ikitoweka ni hatari zaidi, kwani "ng'oa" huwa "ngoa", na kitendo cha kung'oa mti kimekuwa tamaa ya moyo. Dawa ni kuzitafuta "ng" zote katika kazi iliyokwisha kupangwa na kuzikagua moja moja.

Zaidi ya hayo, kisahihishi cha Kiingereza hupiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno letu. Ukurasa mzima ukiwa mwekundu, hakuna anayeutazama tena wekundu huo, na kosa la kweli hupita katikati ya makosa ya uongo.

Matatizo mengine ni ya mashine tu, na dawa zake ni fupi. Kompyuta ya mpiga chapa isipokuwa na fonti yako huweka nyingine, na mistari ikahama. Basi peleka kazi katika PDF, mtindo wa faili uliotolewa na Adobe mwaka 1993, na fonti zote ziwe ndani yake. Picha yenye upana wa nukta 600 huonekana kubwa kwenye kioo, lakini kwa nukta 300 kwa inchi haizidi inchi mbili. Rangi za kioo ni mwanga na rangi za chapa ni wino, kwa hiyo usitarajie mng'ao uleule. Na kijitabu cha kushonwa katikati lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne.

Msomaji wa mwisho

Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Vitabu vinahitajika kwa wingi na kwa haraka, na mtoto ambaye hakisikii Kiswahili nyumbani hana pa kukipimia isipokuwa ukurasa ulio mbele yake. Kwake yeye kosa la chapa ni somo.

Kwa hiyo basi, ndugu walimu, hapana budi kuirithi kazi ya yule mpanga herufi. Tuombe nakala moja ya karatasi kabla ya nakala elfu. Tuketi wawili, mmoja asome mswada kwa sauti na mwingine afuatishe prufu kwa kalamu. Ni kazi ya jioni mbili au tatu. Kijitabu chetu tulikipiga chapa upya kwa fedha za mfukoni mwetu, na nakala ya kwanza nilimpa yule mwanafunzi. Aliifungua palepale pa zamani, akasoma, akaniuliza: "Kwa hiyo hii ndiyo sahihi, Mwalimu?" Safari hii niliweza kumjibu.