Mwenyeji Asiye na Karatasi: Ni Nani Aliyesimama Naye Mahakamani?

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo, ukishapita Mapinga na Kerege, unaingia Zinga. Ni nchi ya minazi, mikorosho na mihogo, na upande wa bahari kuna wavuvi wa Mlingotini. Tangu serikali ilipotenga eneo maalumu la kiuchumi la Bagamoyo, na hasa baada ya makubaliano ya mwaka 2013 kuhusu bandari mpya, vijiji hivi vimejifunza msamiati ambao babu zao hawakuuhitaji: uthamini, fidia, tarehe ya ukomo, shauri la ardhi. Swali linaloulizwa mara kwa mara katika mazungumzo hayo ni fupi: una uthibitisho gani kwamba hapa ni pako?

Swali hilo ni la kale kuliko Tanzania yenyewe. Makala haya yanafuatilia historia yake, na historia ya watu waliojitolea kumsaidia mwenyeji kulijibu. Hoja yangu ni kwamba kesi ya mwenyeji kwa kawaida hushindwa au hushinda kabla haijafika kwa hakimu. Hayo huamuliwa pale ambapo mtu fulani ama alikwenda kijijini kukusanya ushahidi kwa namna ambayo mahakama ingeuelewa, ama hakwenda.

Amri ya Kaisari wa Ujerumani ya tarehe 26 Novemba 1895 ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe katika koloni lake la Afrika Mashariki ni mali ya Dola. Neno “isiyo na mwenyewe” ndilo lililobeba mzigo wote. Aliyekuwa na hati alionyesha hati. Asiyekuwa nayo alionyesha jembe, yaani shamba analolilima kwa wakati ule. Msitu aliouacha upumzike na mbuga ya malisho havikuwa na jembe la kuvisemea. Katika Bagamoyo, mji uliokuwa umezoea mikataba ya rehani baina ya Wahindi, Waarabu na Waswahili, tofauti hiyo kati ya mwenye karatasi na asiye nayo ilionekana waziwazi. Isitoshe, mila ya pwani ilimruhusu mtu kumiliki minazi iliyosimama juu ya ardhi ya mwingine. Jambo hilo kila mtoto wa pwani alilijua, lakini halikuwa rahisi kumweleza afisa aliyedhani mti na udongo wake ni mali moja.

Waingereza walipofika waliandika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, kisha wakairekebisha mwaka 1928 ili haki ya kukalia ardhi ijumuishe pia haki ya mwenyeji, au jumuiya ya wenyeji, wanaotumia ardhi kwa mujibu wa mila. Kwa maandishi, hiyo ilikuwa hatua. Lakini mwaka uliofuata, 1929, Sheria ya Mahakama za Wenyeji iliziondoa mahakama hizo chini ya usimamizi wa Mahakama Kuu na kuziweka chini ya maofisa wa utawala. Rufaa ikapanda kwa Mkuu wa Wilaya, kwa Mkuu wa Jimbo, hadi kwa Gavana. Mtu yuleyule aliyekusanya kodi ndiye aliyesikiliza malalamiko. Mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo, kwa hoja kwamba mwenyeji alindwe dhidi ya gharama na ujanja wao. Ulinzi wa namna hiyo hatukuwahi kuuomba.

Kwa hiyo mwenyeji alikwenda mbele ya liwali au jumbe akiwa na watu wake: mjomba, jirani wa mpaka, mzee aliyekumbuka ni nani alipanda mwembe uleule na mwaka gani wa njaa. Huo ndio msaada wa kisheria wa kwanza wa jamii zetu, ingawa haukuwa na jina hilo. Ulikuwa na kasoro zake, maana mwanamke aliyeolewa mbali na kwao, au mtu wa asili ya utumwa, hakuwa na mjomba wa kumsemea. Hata hivyo ulikidhi jambo moja muhimu, kwamba hakuna aliyesimama peke yake.

Uhuru ulifuta utaratibu wa mahakama mbili mbili. Mwaka 1963 mahakama ziliunganishwa kuwa mfumo mmoja, na utawala wa machifu ukakoma. Lakini marufuku ya mawakili katika mahakama za mwanzo ilibaki, ikarudiwa katika Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, na ikadumu kwa miongo mingi. Kifungu cha 33 cha sheria hiyo kina ibara ndogo ambayo watu wengi huipita bila kuitazama: katika shauri la madai, mahakama ya mwanzo inaweza kumruhusu ndugu, au mtu wa nyumba moja na mdaawa, kumwakilisha kwa ombi lake. Yule mjomba wa barazani alikuwa amepata nafasi ndani ya sheria.

Wakati huohuo ulianza msaada wa aina ya pili, wa wasomi. Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliunda Kamati ya Msaada wa Kisheria mwaka 1967, na walimu na wanafunzi wakaanza kuwahudumia wasio na uwezo. Miaka miwili baadaye Bunge lilitunga sheria ya msaada wa kisheria katika mashauri ya jinai, iliyomwezesha mshtakiwa maskini kupewa wakili kwa gharama ya serikali pale mamlaka husika inapoona haki inadai hivyo. Sheria hiyo ilimgusa mtu aliyekwisha kushtakiwa. Haikumgusa mkulima au mfugaji aliyeamka akakuta trekta shambani.

Hapo tuiache pwani kwa muda twende Hanang, kwa kuwa huko ndiko swali la Zinga lilijibiwa kwa ukali kuliko popote nchini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilianzisha mashamba ya ngano kwa msaada wa Kanada, yakafikia ekari zipatazo 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig. Waliopitisha mifugo humo walishtakiwa kwa kuingia kijinai katika ardhi ya baba zao, na plau zilipita hata juu ya bung'eda, yale makaburi ya vichuguu wanayowajengea wazee wanaoheshimiwa. Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 walifungua shauri mwaka 1981. Mahakama Kuu iliwapa ushindi mwaka 1984. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua.

Sababu mojawapo ya kutenguliwa ndiyo inayonirudisha kwenye hukumu hiyo kila mwaka darasani. Mahakama ilisema walalamikaji hawakuthibitisha kwamba wao ni “wenyeji” kwa maana ya sheria ya ardhi. Tafakari hilo. Wabarabaig, katika Hanang, hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji! Wanafunzi hucheka, kisha hukasirika, kisha huwalaani majaji. Mimi huwaomba wakae kidogo na jambo lisilopendeza: kwa kanuni za ushahidi, mlalamikaji ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha anachodai, na hakuna aliyeona haja ya kumweka kizimbani kila mwanakijiji ili aseme yeye ni nani, amezaliwa wapi, na anakalia ardhi hiyo kwa mila ipi. Jambo lililo dhahiri mno kijijini halikutamkwa mahakamani. Majaji wangeweza kuwa na moyo mpana zaidi, na nadhani walipaswa kuwa nao. Lakini pengo walilolitumia lilikuwapo, nalo ni pengo ambalo mtu wa jamii mwenye daftari na subira angeliziba kwa wiki chache.

Ushindi mkubwa ulikuja kwa njia nyingine. Baba na mtoto kutoka Arusha, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, walikuwa wameirejesha kwa hukumu ya mahakama ardhi waliyoipoteza wakati wa Operesheni Vijiji. Bunge likatunga sheria mwaka 1992 ya kufuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa na operesheni hiyo. Desemba 1994, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na baadhi ya vifungu vya sheria ile vikabatilishwa. Mkulima wa Zinga anayedai fidia leo anasimama juu ya hukumu hiyo, pamoja na Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinazotaka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Chini ya sheria ya utwaaji ya mwaka 1967, ardhi tupu haikulipiwa. Mwenyeji alihesabiwa miti na nyumba.

Kuna kinaya katika habari ya Kanada. Wakati fedha zake zikilima Hanang, wenyeji wa asili wa Kanada kwenyewe walikuwa wakijijengea utaratibu wa kusindikizana mahakamani. Huko Alberta, shirika lao la ushauri lilianzishwa mwaka 1970, likiwa na watu wa jamii wanaokaa na mshtakiwa, wanaomfasiria lugha na taratibu, na wanaomweleza hakimu huyu ni nani na ametoka wapi. Mwaka huohuo, Waaborijini wa Redfern, Sydney, walifungua ofisi yao ya msaada wa kisheria. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Kanada, katika shauri la Gladue, ilisisitiza kwamba hakimu anapotoa adhabu lazima azingatie historia ya mwenyeji aliye mbele yake. Magereza ya Kanada yangali yamejaa wenyeji kuliko idadi yao katika taifa, kwa hiyo sitoi mfano huu kama dawa. Nautaja kwa sababu unamruhusu mtu wa jamii kuwamo ndani ya chumba cha mahakama.

Sisi tumechagua njia ya tatu. Mashirika yaliyoanza miaka ya 1990, kikiwamo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu cha mwaka 1995, yalifundisha wasaidizi wa kisheria vijijini kwa miaka mingi kabla dola haijawatambua. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hatimaye iliwatambua, ikawawekea msajili, ikawakataza kutoza malipo, na ikawawekea mpaka: waelimishe, waelekeze, wasuluhishe, lakini wasimwakilishe mtu mahakamani. Naelewa hofu ya vishoka. Ila watumishi wa Wizara wanaosoma hapa waweke sheria hizi mbili mezani pamoja. Binamu asiyejua kusoma aliruhusiwa na sheria ya 1984 kusimama na mdaawa katika mahakama ya mwanzo. Msaidizi wa kisheria aliyefunzwa na kusajiliwa haruhusiwi.

Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama na ya sheria. Kwa watu wa pwani hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa kizuizi cha kwanza, cha lugha, kimepungua. Kilichobaki ni ushahidi. Zinga, kama ilivyokuwa Hanang, ushahidi uko vichwani mwa wazee wanaojua mnazi upi ni wa nani na mpaka unapita wapi, na wazee hao hawatusubiri. Anayeweza kuuandika sasa ni msaidizi wa kisheria wa kata, anayejua ukoo kwa ukoo. Kumruhusu aingie nao katika mahakama ya mwanzo hakuhitaji sheria mpya. Inatosha kuongeza maneno machache katika ile ibara ndogo ya kifungu cha 33, baada ya neno “ndugu”.