Umaskini Hupimwaje? Kaya, Makundi na Waliofichwa na Wastani

Kipimo cha Umaskini wa Nyanja Nyingi huhesabu umaskini kwa kutazama mambo ambayo kaya imeyakosa, badala ya kuuliza tu inaishi kwa fedha kiasi gani kwa siku. Kilianzishwa mwaka 2010 na Shirika la Mpango wa Maendeleo la Umoja wa Mataifa pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford, kwa kufuata mbinu ya wanauchumi Sabina Alkire na James Foster.

Viashiria vyake ni 10, katika nyanja tatu zenye uzito sawa: afya, elimu na hali ya maisha. Humo mna lishe, vifo vya watoto, mahudhurio ya shule, choo, umeme, hata nishati ya kupikia. Kaya inayotembea dakika 30 au zaidi kuchota maji, kwenda na kurudi, huhesabiwa kuwa imekosa maji, hata kama kisima chenyewe ni safi. Jumla ya ukosefu ikifikia theluthi moja ya uzito wote, wote waishio humo huhesabiwa kuwa maskini.

Nguvu ya kipimo hiki ni kwamba hesabu ya taifa yaweza kugawanywa kwa mkoa, umri, kabila au tabaka. Ripoti ya mwaka 2021 ilionesha kwamba nchini India, maskini watano kati ya sita walitoka katika makabila na matabaka ya chini. Wastani wa taifa ungalilimeza jambo hilo zito.

Hata hivyo, kipimo hiki huishia mlangoni. Mmoja katika kaya akiwa amemaliza miaka sita ya shule, kaya nzima huhesabiwa kuwa haikukosa miaka ya shule. Kaka aliyesoma humfunika dada ambaye hakusoma. Ilibidi ripoti hiyohiyo iulize kando ndipo ikaonekana kwamba takriban theluthi mbili ya maskini huishi katika kaya ambamo hakuna mwanamke wala msichana aliyefikisha miaka hiyo sita.

Orodha za wahitaji parokiani, zinapoandikwa kwa jina la baba mwenye nyumba peke yake, zina pengo lilelile: mjane anayeishi kwa mwanawe na binti wa kazi hawaonekani. Nao wanaolala mitaani kwa kawaida hawamo kabisa katika takwimu hizi, kwa kuwa hukusanywa kwa kubisha hodi kaya kwa kaya.