Rangi za Juni na Oktoba

Ukitaka kumjua fundi mzembe, mpe ashone bendera ya Uganda. Mistari sita si taabu: nyeusi, njano, nyekundu, kisha hizo hizo tena. Taabu iko kwa korongo. Lazima atazame upande wa mlingoti, na mguu mmoja awe ameuinua.

Shuleni wanafunzi hukaririshwa kwamba nyeusi ni Afrika, njano ni jua, nyekundu ni undugu. Maelezo mazuri, ila yamefunika ugomvi. Mwaka 1962, chama cha DP kilipokuwa madarakani, bendera iliyopendekezwa ilikuwa ya kijani na buluu, yenye michirizi ya njano. DP ikashindwa uchaguzi wa Aprili, chama cha UPC kikaitupilia mbali na kuleta rangi zake. Grace Ibingira ndiye aliyezipanga. Jua na undugu vilifuata baada ya kura.

Waairishi nao yamewapata. Kijani wanachojitanda Machi 17, sikukuu ya Mtakatifu Patriki, hakikuwa rangi yake tangu mwanzo. Nishani iliyoanzishwa kwa jina lake mwaka 1783 ilikuwa na utepe wa buluu. Kijani kilipata nguvu kwa waasi wa 1798.

Huku Kasese ugomvi ulivuka rangi. Bendera ya Uganda ilikuwa haijapandishwa bado Isaya Mukirane alipotangaza uhuru wa Rwenzururu, Juni 30, 1962, Wakonzo wakiwa wamechoka kuwa chini ya ufalme wa Toro. Tarehe hiyo haikuwa ngeni kwa watu wa Bwera. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kasindi, ndugu zao Wanande siku hiyo hiyo walikuwa wanatimiza miaka miwili ya uhuru wa Kongo. Mto mmoja, ukoo mmoja, uhuru wa namna mbili. Na wa tatu ukaja Oktoba 9, ukitokea Kampala.

Mapigano yaliyofuata tangazo la Mukirane yalidumu hadi 1982. Oktoba 19, 2009, Charles Mumbere, mwana wa Mukirane, alivikwa taji la ufalme wa Rwenzururu huko Kasese mbele ya Rais Museveni, siku kumi tu baada ya sherehe za uhuru wa Uganda.

Lakini rangi iliyoupa ufalme huo jina haishonwi na fundi yeyote. Ni nyeupe ya nzururu, yaani theluji ya mlimani. Kufikia 2003, barafu yote ya Rwenzori ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba.