Adui Aliye Kiganjani

Msomaji mpenzi, umezoea kusoma katika vitabu vya historia habari za wafalme, vita na mapatano. Leo nakuomba unifuate katika historia ya namna nyingine: habari za adui mdogo asiyeonekana kwa macho, apitaye katika viganja vya watu hata akafika matumboni mwao.

Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba, mwaka 1968, maradhi yalizuka ghafula katika shule moja ya msingi mjini Norwalk, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Kwa muda wa siku mbili, nusu ya wanafunzi na walimu walishikwa na kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Walipona upesi; lakini huko majumbani, karibu theluthi moja ya jamaa zao nao wakaugua. Wataalamu walitafuta bakteria, wasione hata aina moja ya kulaumiwa.

Hata hivyo hawakukata tamaa. Mwaka 1972 Albert Kapikian na wenzake walichukua choo kilichochujwa, chenye asili ya ugonjwa ule ule, wakakichanganya na majimaji ya damu ya mtu aliyekwisha kupona. Kingamwili za mtu yule zilivishika virusi, vikashikamana makundi makundi, na hadubini ya elektroni ikavionyesha. Kila kimoja kilikuwa na upana wa nanomita 27 hivi. Ungehitaji kupanga zaidi ya 35,000 ili upate milimita moja! Ndivyo tunavyoviita leo norovirusi, kwa kumbukumbu ya mji ule wa Norwalk.

Mwaka uliofuata, mjini Melbourne, Australia, Ruth Bishop na wenzake waliona virusi vingine katika matumbo ya watoto wadogo waliokuwa wakihara sana. Kwa kuwa vilifanana na gurudumu, ambalo kwa Kilatini huitwa rota, vikaitwa virusi vya rota. Navyo vimeua watoto wengi mno duniani. Juhudi za miaka mingi zilileta chanjo, na tangu Julai 2014 watoto wachanga wa Kenya wamekuwa wakipewa chanjo hiyo kwa matone ya mdomoni.

Je, adui huyu husafirije? Hutoka katika choo au matapishi ya mgonjwa, akashika mkono. Na kutoka mkononi akaingia katika chakula, kikombe au kitasa cha mlango. Chembe chache tu zatosha kumwangusha mtu mzima. Tena aliyepona huendelea kutoa virusi; kwa hiyo asipike wala asipakulie wenzake chakula mpaka zipite angalau siku mbili.

Nami niliye mwalimu nimeona mara nyingi kengele ya chakula ikilia, wanafunzi wakakimbilia sahani, wakaupita mfereji wa maji kana kwamba haupo. Usiwe miongoni mwao. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, utokapo chooni na kabla ya kula. Usitegemee dawa ya mikono yenye pombe peke yake, kwani norovirusi huistahimili. Mahali palipotapikwa pasafishwe, kisha papakwe dawa ya klorini.

Na mtu akiisha kuugua, jua kwamba dawa za kuua bakteria haziviui virusi. Kinachoua hasa ni mwili kukaukiwa na maji. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo maji ya chumvi na sukari yatengenezwayo kwa pakiti za zahanati, na mtoto anyonyaye aendelee kunyonyeshwa. Ukiona macho yamedidimia, mkojo umepungua au mgonjwa amelegea, usingoje kuche. Mpeleke hospitali mara moja.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Adui huyu yu karibu kuliko nguo. Wataalamu walihitaji miaka minne na chombo cha ajabu ili wamwone. Wewe, ili umzuie, wahitaji kipande cha sabuni na dakika moja ya subira. Basi kesho kengele itakapolia, upitie kwanza kwenye mfereji.