Jina la Kampuni au Jina Letu? Historia ya Duka Pwani ya Cabo Delgado



Wiki hizi kikundi chetu kina hoja moja tu: duka la gemu. Vijana wa kazi wapo, na wateja hawatafutwi kwa tochi. Jioni kila mtoto aliyekuja Pemba kutoka Mocímboa da Praia, Palma au Macomia anataka kushika pedi. Tunachobishania ni jina. Wenzetu wengine wanataka tuingie chini ya kampuni yenye jina kubwa: unalipa ada ya kuingia, unapewa bango, bidhaa na utaratibu wa kazi, halafu kila mwezi unawakatia sehemu ya mauzo. Wengine wanataka duka letu wenyewe, hata kama tutaanza na mashine mbili na TV ya kuazima.

Kuna aliyesema jambo hili ni jipya, wazee wetu hawakulijua. Walilijua sana, ila hawakuliita hivyo.

Zamani wafanyabiashara wa pwani hii, kuanzia Ibo hadi Tungi, na wenzao wa Unguja na Kilwa, walikuwa na kitu kinaitwa mali kauli. Huna mtaji, unaenda kwa tajiri, anakupa nguo na shanga kwa neno lako tu. Ukirudi unalipa. Tippu Tip mwenyewe alisafiri bara kwa bidhaa za Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Tusifiche: biashara hiyo ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watu, na Ibo ilitajirika kwa kuuza watumwa. Lakini mpango wake unafundisha. Msafiri alibaki na jina lake na njia yake, tajiri akabaki na daftari la deni. Na mwenye daftari ndiye aliyelala usingizi.

Kisha ikaja kampuni. Ureno iliiteka Tungi mwaka 1887, lakini haikuwa na fedha wala askari wa kuishika nchi yote ya kaskazini. Mwaka 1891 ikatoa hati kwa Companhia do Niassa. Eneo lote kati ya mto Ruvuma na mto Lúrio, kutoka bahari hadi Ziwa Nyasa, likakodishwa. Yaani Ureno iliazimisha bendera yake, kampuni ikafanya kazi chini yake: ikatoza ushuru wa forodha, ikatoza kodi ya nyumba, ikakamata watu kwa kazi ya lazima. Makao yake yalikuwa Ibo, baadaye yakahamia Porto Amélia, ambayo leo ndiyo Pemba hii tunayoishi.

Tunataka mwangalie jambo moja hapo. Hisa za kampuni ile ziliuzwa na kununuliwa Ulaya, zikapita kwa Wareno, Waingereza, hata mabenki ya Ujerumani kabla ya Vita vya Kwanza. Mwenye nyumba ya makuti Palma hakuulizwa hata mara moja. Leo unatumikia huyu, kesho umeshauzwa kwa yule, na kodi ni ileile. Wengi walijibu kwa miguu, wakavuka Ruvuma kwenda Tanganyika. Hati ilipoisha mwaka 1929 haikuongezwa, na kampuni ikaondoka bila kuacha cha maana kwa watu waliolipa.

Kampuni ile ilikwenda, lakini tabia ya mnunuzi mmoja ilibaki. Kuanzia mwaka 1938 serikali ya kikoloni ililazimisha watu kulima pamba. Mbegu unapewa na kampuni, pamba unamuuzia yuleyule, bei imepangwa na serikali. Juu ya uwanda wa Mueda, mwaka 1957, Lázaro Nkavandame na wenzake walijaribu njia nyingine: wakaunda ushirika wao wa pamba, Sociedade Algodoeira Africana Voluntária de Moçambique. Watu walilima kwa hiari na kwa jina lao. Wakoloni wakaingiwa na hofu, wakaubana.

Hadithi haiishii pazuri. Nkavandame alikuja kuwa mkubwa wa FRELIMO katika mkoa huu, na biashara ya maeneo yaliyokombolewa ikawa chini yake. Ukazuka ugomvi mkubwa kuhusu maduka yale na nani ananufaika nayo, na mwaka 1969 akaondolewa, akaenda upande wa Wareno. Kwa hiyo nyinyi mnaosema "la kwetu wenyewe", sikilizeni: duka linaweza kuitwa letu na daftari likawa la mtu mmoja.

Sasa tutoke nje kidogo. Huko Bend, Oregon, Marekani, mwaka 1992 lilifunguliwa duka la kukodisha video, jina lake Pacific Video. Mwaka 2000 likaingia chini ya Blockbuster, kampuni iliyokuja kuwa na maduka kama 9,000, ikikodisha filamu na gemu. Mwaka 2010 kampuni mama ikafilisika. Duka la Bend halikufa, na tangu 2019 ndilo Blockbuster pekee lililobaki duniani. Limebaki kwa sababu wenyeji wanalijua na wenye duka ni watu wa palepale. Jina kubwa halikumwokoa mwenye jina.

Na kwenye gemu zenyewe, mfano mnao mikononi. EA ililipia jina la FIFA karibu miaka 30, kisha wakaachana, na mwaka 2023 gemu ikatoka kwa jina la EA Sports FC. Wachezaji ni walewale, mpira ni uleule. Watoto wetu bado wanaita FIFA!

Basi kwetu ikoje? Jina kubwa lina thamani pale mteja asipokujua. Sisi wateja wetu ni majirani. Tunachokosa ni mashine, umeme wa uhakika na fundi, na jina halileti umeme. Tena kuuza diski kunapungua duniani, gemu zinashushwa kwa intaneti. Hapa bando ni ghali, kwa hiyo biashara yetu ni kuchezesha kwa muda, na hiyo haihitaji bango la mtu.

Kuna jambo kubwa kuliko hayo. Mkataba wa jina kwa kawaida hukufunga mahali pamoja kwa miaka. Sisi tumekimbia. Tangu 2021 baadhi ya wazazi wetu wamesharudi Palma na Mocímboa, wengine bado wanasita. Kesho nusu ya kikundi inaweza kuwa njiani. Duka letu tunaweza kulifunga kwenye mabegi tukaenda nalo. La kampuni tutadaiwa.

Jumamosi tunapiga kura. Sisi tunaoandika hapa tutachagua jina letu, lakini kwa masharti matatu: mashine tuzitafute kwa mali kauli, tulipe kidogokidogo badala ya kununua ada ya jina, daftari lishikwe na watu watatu, lisomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, na iandikwe mapema nani anachukua nini siku watu wakirudi kwao.

Na watu wa mashirika, mkija msituulize tu mpango wa biashara. Tusaidieni vitambulisho, maana vya wengi wetu viliungua pamoja na nyumba, na bila karatasi hata leseni ya duka letu wenyewe hatuipati.