Maji ni Amana: Habari ya Los Angeles na Vijito vya Ziwa Mono

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, napenda kuwakumbusha ndugu zangu hukumu moja ya kale. Watu wa Madina walihitilafiana juu ya maji ya bonde la Mahzur. Mtume (S.A.W.) akakata ya kuwa mwenye shamba la juu ayazuie maji mpaka yafike vifundoni mwa miguu, kisha amfungulie aliye chini. Hakumnyima wa juu haki yake, wala hakumwacha achukue pasipo kiasi.

Jambo hilo hilo limewashughulisha watu wa mbali katika zama zetu. Katika jimbo la California, nchi ya Marekani, liko ziwa la chumvi liitwalo Mono. Mwaka 1941 mji wa Los Angeles, wenye kibali cha serikali mkononi, ulianza kuchukua maji ya vijito vinne vimiminavyo ziwani na kuyapeleka mjini, mwendo wa zaidi ya kilomita 500. Mji ulikuwa ukikua upesi, na kiu ya watu si jambo la kudharauliwa. Lakini hapakuwekwa kiasi cha kubakishwa. Vijito vikakauka sehemu za chini, na samaki wakatoweka. Kufika mwaka 1982 ziwa lilikuwa limeshuka yapata mita 14, na chumvi yake imekuwa maradufu. Kisiwa walichotagia shakwe kiliungana na nchi kavu mwaka 1979, mbweha wa huko wakavuka wakavamia viota.

Mwaka huo huo watetezi wa ziwa waliushtaki mji. Februari 1983 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikatoa hukumu: kibali kilitolewa kweli, lakini maji ni amana ya watu wote mikononi mwa serikali, na mchukuzi wa amana hana budi kukitazama tena kibali alichokitoa. Septemba 1994 Bodi ya Maji ya jimbo ikaweka kipimo: kila kijito kipate kwanza kiasi chake kwa msimu, ndipo mji uchukue, na ziwa lipande hadi futi 6,392 juu ya usawa wa bahari. Mji haukufa kwa kiu. Wenyeji walijifunza kutumia maji kwa uangalifu. Vijito vinatiririka tena, ingawa ziwa bado halijafika kimo hicho.

Ndugu zangu, miji yetu nayo yapanuka, na mabomba yaongezeka mitoni. Tumefundishwa tusifanye israfu katika udhu hata tukiwa ukingoni mwa mto uendao. Lakini israfu ya mji mzima haizuiliwi na uangalifu wa mtu mmoja. Yahitaji kipimo kijulikanacho na msimamizi mwadilifu. Basi kabla ya kuuliza mji uchukue maji kiasi gani, tuulize kwanza mto ubakiwe na kiasi gani, kwani huko chini nako kuna wenye haki.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walinzi wa amana zake. Amin.