Nyimbo na sharubati ya matunda: Mwongozo kwa wazazi wa Kiganjo, Thika

ALFAJIRI, kabla jua halijachomoza, wazazi wengi wa mtaa wa Kiganjo viungani mwa mji wa Thika huwa tayari wamefika kituoni kuabiri matatu. Baadhi huelekea katika viwanda vya Thika na wengine husafiri hadi Ruiru na Nairobi kupitia barabara kuu ya Thika, ambayo upanuzi wake ulikamilika mwaka wa 2012. Watoto wadogo huachwa mikononi mwa yaya, nyanya au mlezi wa kituo cha kutunza watoto.

Katika saa hizo ndefu, vitu viwili huwa rahisi mno kumpa mtoto ili anyamaze: simu na kinywaji chenye sukari. Vyote viwili hutuliza kwa muda mfupi, lakini vyote viwili humnyima mtoto kitu anachokihitaji ili akue. Badala ya simu, mlezi anaweza kumwimbia. Badala ya soda au maji yaliyotiwa rangi na sukari, anaweza kumtayarishia sharubati nzito ya matunda yaliyosagwa mazima. Makala haya yanaeleza namna ya kufanya hivyo kwa usalama.

Kwa nini suala hili ni zito

Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hiyo ni nafuu ikilinganishwa na asilimia 26 ya mwaka wa 2014, lakini bado ni takriban mtoto mmoja kati ya kila sita. Kudumaa hakutokani na njaa pekee. Mtoto anaweza kushiba kila siku kwa chai, mkate na uji mwepesi, ilhali mwili wake unakosa protini, madini ya chuma na vitamini.

Kuhusu skrini, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mwaka wa 2019 kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asiketishwe mbele ya skrini, na mwenye umri wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mwongozo uo huo unataka mtoto wa mwaka mmoja hadi minne awe akijongeza mwili kwa angalau dakika 180 kila siku. Hapana njia nyepesi ya kuzifikisha dakika hizo kuliko wimbo unaochezwa.

Nyimbo tulizo nazo

Jamii zetu hazikukosa muziki wa watoto. Katika fasihi simulizi kuna bembelezi, ambazo huimbwa kumtuliza au kumlaza mtoto, na kuna nyimbo za michezo ambazo watoto huimba wenyewe wakiruka, wakipiga makofi au wakizunguka katika duara. Mchezo wa ukuti, uliotoka Pwani kwenye minazi, sasa huchezwa hata bara ambako mnazi hauoti. Nyimbo za michezo pia zimo katika mashindano ya Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka wa 1927.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilikabidhi serikali za kaunti jukumu la elimu ya chekechea, na katika mtaala wa umilisi, watoto wa PP1 na PP2, yaani wa miaka minne na mitano, huimba na kucheza kama sehemu ya masomo yao. Hata hivyo, mtoto hahitaji kungoja hadi aingie darasani.

Mlezi ambaye hakumbuki nyimbo za utotoni mwake anaweza kujifunza pamoja na mtoto. Mfano ni Akili and Me, kipindi cha katuni kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita kinachotayarishwa na shirika la Ubongo la Tanzania, lililoanzishwa mwaka wa 2013. Nyimbo zake hufunza hesabu, herufi na hisia. Jambo la muhimu ni kuusikiliza wimbo, kisha kuizima simu na kuuimba wenyewe.

Kiganjo ni mtaa wa watu wa makabila mengi, na hilo ni hazina. Nyanya na aimbe kwa Kikuyu au Kikamba, mama kwa Kiswahili. Mtoto mdogo hachanganyikiwi na lugha mbili au tatu. Vina na marudio ya wimbo humsaidia kuyatambua maneno na kuyatamka. Sauti nzuri si sharti. Mtoto huutazama uso na mdomo wa anayemwimbia, na hapo ndipo anapojifunza kuzungumza.

Ala za muziki hazihitaji pesa. Sufuria kuukuu na mwiko ni ngoma, na chupa ya plastiki yenye maharagwe makavu ni kayamba. Kifuniko cha chupa hiyo kifungwe imara kwa gundi na utepe, kwa maana harage likitoka linaweza kumkaba mtoto. Redio nayo iwekwe kwa sauti ya chini: ikiwa inakulazimu upaze sauti ndipo usikike, masikio ya mtoto yanaumia.

Sharubati: Anayefaa kunywa, na kiasi gani

Mtoto aliye chini ya miezi sita hafai kupewa chochote ila maziwa ya mama, hata maji. Kuanzia miezi sita, apewe tunda lililopondwa kwa uma na kulishwa kwa kijiko, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Sharubati ingoje hadi atimize mwaka mmoja. Asali pia ni marufuku kabla ya umri huo kwa sababu inaweza kuwa na viini vya ugonjwa hatari wa botulismu.

Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, nusu kikombe kwa siku kinatosha. Tunda likisagwa, sukari yake huachiliwa na huweza kudhuru meno, hivyo sharubati ni nyongeza tu, si badala ya mlo wala ya tunda la kutafuna. Isichujwe, kwani nyuzinyuzi zake ndizo zinazosaidia tumbo. Isitiwe sukari. Inywewe kwa kikombe, kamwe si kwa chupa ya kunyonya.

Matunda ya karibu

Wakazi wa Thika wana bahati. Mananasi yamestawishwa katika eneo hili kwa miongo mingi, na mashamba ya Del Monte yanaonekana hadi upeo wa macho. Maparachichi hutoka Murang'a, ndizi na mapapai hayakosekani sokoni, na maembe hujaa kuanzia Desemba hadi Machi. Tunda la msimu ndilo la bei nafuu na ndilo lenye ladha zaidi.

Michanganyiko ifuatayo inatosha watoto wawili:

Papai na mala: Kipande cha papai lililoiva cha ukubwa wa kiganja, nusu ndizi, na nusu kikombe cha mala isiyotiwa sukari.

Parachichi na ndizi: Robo ya parachichi, ndizi moja ndogo, na nusu kikombe cha maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Huu unamfaa mtoto mwembamba, kwani parachichi lina mafuta mazuri.

Embe na karoti: Nusu embe, na nusu karoti iliyochemshwa hadi ikalainika. Ongeza maziwa kidogo. Mafuta yake husaidia mwili kufyonza vitamini A.

Nanasi na spinachi: Vipande vitatu vya nanasi, majani mawili ya spinachi yaliyochovywa katika maji moto, nusu ndizi na maji safi. Usitie maziwa, kwa sababu nanasi huyafanya yawe machungu yakikaa. Vitamini C ya nanasi husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika mboga. Chai hufanya kinyume chake, hivyo isinywewe pamoja na mlo.

Asiye na blenda, au aliyepotewa na umeme, aponde kwa uma au mwiko hadi mchanganyiko ulainike. Anayependa kuongeza siagi ya njugu atie kijiko kidogo, ahakikishe njugu hazina ukungu, na amchunguze mtoto siku ya kwanza iwapo atavimba au kutokwa na vipele. Njugu nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano.

Maji yawe yamechemshwa, matunda yaoshwe kabla ya kumenywa, na sharubati inywewe papo hapo.

Kuunganisha viwili hivi

Wimbo ni kiungo kizuri cha jikoni. Mtoto aimbe akinawa mikono kwa sabuni kwa angalau sekunde 20. Ayataje matunda kwa mahadhi yanapooshwa. Ahesabu vipande vinapotiwa katika bakuli. Mtoto aliyeshiriki kutayarisha huwa mwepesi wa kuonja, hata spinachi.

Kikombe kikifika mdomoni, wimbo ukome. Mtoto anywe akiwa ameketi wima, bila kuruka wala kuchekeshwa, asije akapaliwa. Ngoma irudi baadaye.

Mwisho, hakuna sharubati inayochukua nafasi ya kliniki. Vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita kuanzia mtoto anapofikisha nusu mwaka hadi miaka mitano, hasa katika wiki za Malezi Bora za Mei na Novemba. Mtoto asiyeongeza uzani, au asiyegutuka kwa sauti wala wimbo, apelekwe kliniki bila kukawia. Wahenga walinena, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.